Sketi Moja Msumarini

Wifi yangu, fundi cherehani, hakuwa na mchezo na vitabu vya hadithi. Aliwakuta wanawe mapacha, Kurwa na Doto, wamejifunika shuka moja wakisoma kisa cha vijana wanaofungiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja. Alikinyakua kitabu, kurasa zake akazifanya karatasi za kukatia kola.

"Ukatili mtupu!" alifoka. "Mzazi gani anakaa kutazama watoto wakichinjana?"

Nikamuuliza Doto wanaona utamu gani humo.

"Shangazi, mle angalau wakubwa wanakiri kwamba wamewapiganisha."

Nikasema mtoto huyu ana mdomo.

Haukupita muda, fundi akatangaza kuwa ada ya sekondari anaimudu ya mmoja tu. Akashona sketi moja ya buluu, akaitundika msumarini juu ya kitanda chao, haina pindo. Atakayeshinda mtihani ndiye atakayekunjiwa kwa kipimo chake. Eti anawatia moyo!

"Wifi," nilimwambia, "hao walikaa tumbo moja bila kusukumana."

"Wewe uliyezaa wangapi?"

Sikuzaa, na anajua.

Walikuwa chanda na pete wale: Kurwa akimfundisha mwenzake hesabu, Doto akimfundisha lugha. Sketi ilipotundikwa, kila mmoja akageukia ukuta wake. Asubuhi ya mtihani wa hesabu, wakifunga viatu mbele yangu, Doto aliuliza kanuni ya eneo la duara.

"Nimesahau," alisema Kurwa, bila kuinua macho.

Kurwa alishinda, tena kwa tofauti ya alama chache. Fundi akapiga vigelegele, akamvika sketi, akamsimamisha juu ya kigoda. Kisha akamwita Doto.

"Njoo umpime mwenzako pindo. Kazi yako ndiyo hii sasa, utaizoea."

Nilimchukia wifi yangu siku ile, nasema wazi. Doto alipiga magoti, pini zimejaa mdomoni, akaanza kukunja kitambaa miguuni pa pacha wake. Mezani, karatasi za kola zilikuwa bado na maandishi ya kile kitabu.

Kurwa akaangua kilio. "Doto, ile kanuni niliijua."

Doto alizitoa pini moja moja, akazichomeka pindoni mpaka mdomo ukabaki mtupu.

"Najua," alisema. "Geuka, nimalizie nyuma."