Nahodha Aliyefungua Kilango

Blažej Ondrík alikuwa nahodha wa timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni pale Lipovec kwa miaka mingi, nami nilikuwa kipa nyuma yake, kwa hiyo namjua mgongo kuliko uso. Mgongo wenyewe mpana kama mlango wa ghala. Alikuwa beki, mtoto wa mpasua mbao, mtu wa maneno machache na vicheko vya ghafla. Meno yake ya mbele aliyaacha kwenye barafu za miji ya watu.

Mwaka mmoja tulifika fainali na Podhorie, majirani zetu wa bondeni, ambao tumeoana nao na kutukanana nao tangu enzi za mababu. Fainali ni mechi saba; wao walishinda tatu, sisi tatu. Ya mwisho ilikuwa kwetu. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa ofisini kwa kocha Hruboň, nafungwa bandeji ya goti, Blažej akaingia akichechemea. Katika mechi iliyotangulia alikuwa amejitupa mbele ya shuti, na ule mpira wetu, kisahani cheusi kigumu, ukampata kifundoni.

"Kocha, leo usinichezeshe," akasema.

"Umelewa asubuhi yote hii? Nahodha anaikimbiaje fainali?"

"Mguu unasimama, lakini haugeuki. Podhorie watanipita kama kigingi cha ua. Mweke Ervín."

"Ervín Šandor!" Kocha alishika kichwa. "Yule hata mkewe hamwamini kumbebesha mayai!"

"Basi vizuri," akasema Blažej. "Leo hatubebi mayai."

Mimi nilijua alivyoitaka mechi ile. Kombe hakuwahi kulishika, na umri ulikuwa unamtupa mkono. Sindano ya ganzi ilikuwepo, daktari tayari, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliniambia tukitoka, "Kipa, nikicheza leo nitakuwa najichezea mimi."

Akavaa jezi yake kamili, akaenda kukaa mwisho wa benchi, penye kilango ambacho mabeki huingilia barafuni na kutokea. Kila mabeki walipobadilishana yeye ndiye aliyekifungua. Aliwapa maji, akawapangusa vioo vya kofia zao ngumu, akawanong'oneza. Uwanja mzima ulikuwa unaliita jina lake, naye hakugeuza hata shingo.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, mbili kwa mbili, Ervín aliupata mpira pembeni mwa goli langu. Alipaswa kuupiga mbali tu. Akataka kuupitisha mbele ya goli kumpa mwenzake, ukagonga gongo la mtu wa Podhorie, ukaingia kati ya miguu yangu. Tukafungwa tatu kwa mbili, na kombe likateremka bondeni.

Kwenye chumba cha kuvalia hakuna aliyevua kiatu. Halafu Matúš, mshambuliaji wetu mkali, akaitupa kofia yake ukutani, karibu kabisa na kichwa cha Ervín.

"Msimu mzima! Msimu mzima halafu mtu mmoja anatuuza!"

Blažej akainuka polepole.

"Matúš, ndugu yangu, mimi ndiye niliyesema apangwe. Ukitaka wa kumtupia, nitupie mimi. Kukimbia siwezi, si unaona?"

Wawili watatu wakacheka bila kutaka.

"Na kipindi cha kwanza," akaendelea, sauti ileile, "ulibaki wewe na goli tupu, ukapiga juu kwa malaika. Ervín alikutupia kofia?"

Matúš aliinuka mwenyewe, akaiokota ile kofia.

Ervín alitaka kutokea mlango wa nyuma. Blažej akamshika mkono: "Hapana, bwana. Tunapita mbele, mimi na wewe." Nje mashabiki walikuwa wamesimama kwenye theluji, na Gašpar, mzee wa kupiga ngoma uwanjani, akafoka:

"Ervín, umetuzika wazima!"

"Kama ametuzika, mzee Gašpar, basi matanga ni kwangu," akajibu Blažej. "Supu ya kabichi ipo. Njoo na ngoma yako, ila usiipige, mke wangu kichwa kinamuuma."

Tulikwenda kwake wengi, na Gašpar akiwamo. Nilimwona akimkatia Ervín mkate, ananuna huku anakata.

Niliwahi kumuuliza Blažej kwa nini alijibebesha lile goli. Akaniambia kwamba ushindi kila mtu hujikatia kipande chake bila kuitwa, lakini kushindwa usipokugawa, kutamwangukia mmoja na kumvunja.

Mwaka uliofuata tulirudi fainali, Podhorie tena, safari hii mechi ya mwisho ikiwa uwanjani kwao. Blažej alikuwa amepona, na Ervín akacheza pembeni yake mwaka mzima, wakizomeana kama mke na mume. "Rudi, we mbuzi!" "Narudi, babu, wewe tangulia, maana unachelewa!" Sekunde za mwisho, tukiongoza kwa goli moja, wote wawili walilala mbele ya shuti lilelile. Sikuhitaji hata kunyoosha mkono.

Kengele ikalia, tukarukiana. Kombe likawekwa mezani kwenye zulia lililotandikwa barafuni, wakubwa wa ligi wakamsubiri nahodha. Nahodha hakuonekana. Alikuwa upande wa pili, amepiga magoti karibu na Dezider, nahodha wa Podhorie, aliyekuwa amekaa kwenye barafu uso umefunikwa na glavu. Tulimwita, tukampigia miluzi. Alikaa pale mpaka Dezider akaondoa glavu usoni, ndipo akaja kulinyanyua kombe, analia kama sisi wote.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza kwenye basi.

"Nilimwambia asiinuke upesi. Watu watataka asimame ili wao wajisikie vizuri. Nikamwambia akae, nitakaa naye."

Binti yake Blažej alipoolewa, Dezider alikuja na mkewe na pipa la divai, akacheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Akavivua viatu vyote viwili, akaendelea na soksi, na Blažej akimshangilia akiwa juu ya kiti.