Mtungi Uliopitwa na Tarehe

Kwenye kituo cha kupima hewa walimwita Mama Mwale, maana ukimsalimu tu atakuanzia habari za mwale wa leza. Miaka kumi na tisa alikuwa akiilea mashine moja: bomba lenye kioo kila upande, mwale ukienda na kurudi humo mara elfu na zaidi. Gesi iliyomo hewani, hata ikiwa chembe moja katika bilioni, humega kidogo mwanga wa mwale, na mashine huitambua kwa pengo hilo. Lakini kila asubuhi alianza kwa kuipa hewa ya mtungi, ambayo kiasi cha gesi yake kinajulikana, aone kama inasema kweli. Tarehe ya mtungi ikipita, vipimo vyote huandikiwa daftarini neno moja: batili. Kwa neno hilo alikuwa mkali mpaka mafundi wenzake walimkoma.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kiwanda cha mbao za kubandikwa kwa gundi, na dada yake mkubwa alikuwa mtu wa gundi humo. Mwezi wa pili sasa dada alikuwa akikohoa.

Mtungi ulipitwa na tarehe. Siku ya kumi na moja tangu hapo, gesi ya gundi ikapanda mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Mama Mwale alikwenda mbio kwa mkuu wa kituo.

"Bosi, wafungieni kiwanda wale!"

"Nakuamini, mama. Ila wenye kiwanda watauliza kama mtungi ulikuwa hai, na wewe mwenyewe umeandika haukuwa."

"Huo mpya uko wapi?"

"Nimefuatilia mpaka nimechoka. Wiki sita, labda."

"Wiki sita! Mtu apumue vipi gesi hiyo?"

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Mwale. Hata wa kumgombeza hakumpata. Alifikiria kuichana ile karatasi ya daftari yenye neno batili. Nakala zake mbili zilikuwa zimekwisha kwenda makao makuu, kwa utaratibu alioupigania yeye mwenyewe. Basi, ajigombeze mwenyewe?

Jioni alimfuata dada yake jikoni.

"Dada, kesho usiende kazini. Mashine imeona."

"Nipe karatasi yenye muhuri nimpelekee msimamizi, uone nitakavyolala mpaka adhuhuri."

"Sina."

"Basi nimwambie nini? Mdogo wangu ana wasiwasi?" Dada alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Mama Mwale akabaki kumsugua mgongo.

Saa moja asubuhi, kupitia dirisha la kituo, alimwona dada akiingia kwenye geti la kiwanda na kitambaa chake cha njano kichwani, akampungia mkono. Robo saa baadaye mstari kwenye skrini ulianza kupanda. Aliandika saa, akaandika kiasi, kwa mwandiko wake safi. Kisha, kwenye safu ya mwisho, akaandika batili.