Zamu Niliyoipokea Kitabuni

Usiku ule nilikuwa kazini, ndiyo maana ndoto ilinijia mchana. Nilitoka zamu asubuhi, nikalala na simu mkononi. Humo kulikuwa na vyuo viwili vya shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao, kwa sisi wenye diploma na ajira. Kimoja ni cha miezi kumi na minane, kila kitu humo humo kwenye simu. Cha pili ni miaka mitatu, na kila muhula lazima ukae wodini mbele ya msimamizi anayeangalia mikono yako. Fomu ya kile kifupi nilishaijaza, ilibaki kubonyeza "tuma" tu. Nimeuguza watu miaka ishirini na moja katika hospitali tisa. Miaka mitatu sijawahi kuimaliza mahali pamoja.

Nikajikuta kwenye wodi ya wanawake ya hospitali yangu ya kwanza, kule Njombe kwenye baridi. Matroni Felisia alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake za sufu, saa ikining'inia kifuani kwa pini. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia pale na cheti changu, sijui hata kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani. Nilijua amekufa. Sikuona ajabu.

"Tunu miguu ya upepo," alisema. "Unahama tena?"

"Nataka kusoma, Matroni. Shahada."

"Vizuri. Pokea zamu kwanza."

Kwake zamu ilipokelewa kitandani kwa mgonjwa. Anayetoka na anayeingia hutembea pamoja, na anayeingia humgusa kila mgonjwa kabla ya kusaini kitabu cha zamu. Tunatembea. Sakafu ina maji, lakini miguu yangu hailowi. Kwenye kitanda cha kwanza nasoma kwenye simu: joto, mapigo, dawa.

"Sikukuuliza imeandikwaje. Mkono wake ukoje?"

Nanyoosha mkono. Simu haibanduki kiganjani.

Vitanda vinaongezeka, wodi inarefuka, inakuwa darasa nililoliacha kidato cha nne, kisha inakuwa wodi tena. Kitanda cha mwisho kiko dirishani, na aliyelala humo ni yeye Matroni mwenyewe. Naitambua asubuhi hii: alikuwa anaumwa, amelazwa kwenye wodi yake mwenyewe. Niliingia zamu na haraka zangu, kitabu kimeandikwa "Matroni amelala vizuri", nikasaini mezani, nikaanza kugawa dawa. Nilipofika kwake alikuwa ameshakufa, mwili umepoa. Mwezi ule ule niliomba uhamisho wangu wa kwanza, na sikumwambia mtu kwa nini.

"Matroni, kama ningekuja kukugusa…"

"Ningekufa tu, mwanangu. Moyo ulishachoka." Ananiangalia bila hasira. "Lakini ningekufa nimeshikwa."

Maji ya sakafuni sasa nayasikia miguuni.

"Hao wa chuo," anasema, "waulize nani atakuona ukimshika mgonjwa. Ukishajibiwa, ndipo uchague. Na ukichagua, ukae."

Simu inaanguka. Naushika mkono wake, na una joto.

Niliamka saa nane mchana, kiganja kitupu, simu iko sakafuni chini ya kitanda. Nikakipigia simu kile chuo kifupi kabla sijanawa uso. Nikamuuliza dada aliyepokea nani atanisimamia wodini.

Akacheka kidogo. "Dada yangu, wewe si nesi mzoefu? Masaa ya wodini utajaza mwenyewe, na sisi tunayakubali."

Nilimshukuru, nikaifuta fomu. Nikafungua ile ya miaka mitatu na kuanza upya, jina langu kwanza. Nilipofika mwisho, niliituma.

Jioni nilipoingia zamu, mwenzangu alikuwa ameshavaa koti, kitabu amekisogeza upande wangu, kalamu juu yake.

"Saini tu, dada Tunu. Wote wazima, na gari langu linaondoka."

"Vua koti," nikamwambia. "Twende vitandani kwa wagonjwa."

"Leo umeamkaje wewe?"

Nilikuwa nimeshafika kitanda cha kwanza, nanyoosha mkono.