Kivimbe cha Shingoni na Sufuria ya Pilau

Juzi kwenye kituo kimoja cha afya hapa Masasi, nikiwa kwenye benchi, nilimsikia mama mmoja wa Chiungutwa akizungumza na daktari, mlango ukiwa wazi. Alikuwa ameanguka na bodaboda, akapigwa picha ya shingo, na picha ikaonyesha kivimbe kwenye tezi. Sasa alikuja kusikia majibu, mkono shingoni.

"Mama, ni kadogo kama punje ya mtama, wala hakana dalili mbaya," daktari alisema. "Tukiwapima watu wote pale stendi, wengi tutawakuta nako, na wanakula ugali wao bila habari. Hatukakati. Njoo mwakani tukaangalie tena."

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa haka? Sidhani."

Mama akaachia shingo, akashika kichwa.

"Mwanangu! Sufuria yangu ya pilau nimeshamrithisha wifi!"

Benchi zima tuliangua kicheko, na hapo ndipo nilipogundua kwamba na mimi nilikuwa nimejishika shingo. Picha za siku hizi zina macho makali, zinaona hata visivyokuwa na shida na sisi.

Mama alitoka akijifunga kanga upya. Kivimbe kitasubiri mwakani, alituambia, ila wifi anamfuata leo leo.