Visiki vya Mzee Jailos

Masika sabini na mawili yamepita juu ya kichwa cha Jailos Kalinga wa Kihesa, na ishirini kati ya hayo ameyahesabu kwa milingoti, yaani mikaratusi, aliyoipanda kwenye vilima nje ya mji wa Iringa. Katika muda huo wote ameshika desturi aliyoachiwa na mama yake: mgeni hapokelewi kwenye ua mchafu.

Kwa hiyo mwaka jana, aliposikia kwamba Blandina, mtaalamu wa misitu kutoka Mbeya, anakuja kupiga picha za miti, alitangulia na shoka. Milingoti kumi na tisa iliyopasuka magome na kuvuja utomvu mwekundu aliiangusha, akaichoma, akafunika visiki kwa majani. Blandina akaukuta msitu umetakata. Picha zake akazitia katika programu ya kompyuta, ile inayojifunza kwa miti iliyougua ili itabiri ugonjwa utaelekea wapi.

Baada ya miezi mitatu alirudi na ramani. Shamba la Bertha, dada yake Jailos, mjane anayepakana naye upande wa bondeni, lilipakwa kijani: salama.

"Basi mwaka huu sikagui," Bertha akasema. "Mashine imeniondolea kazi."

Jailos akainama. Upepo wa kilimani kwake huteremkia kwa Bertha, na ugonjwa husafiri nao. Akinyamaza, miti ambayo dada yake aliipanda na marehemu mumewe itakauka yote.

"Mwanangu," akamwambia Blandina, "mashine yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeificha miti iliyougua." Akawaongoza kilimani, akafunua visiki kimoja kimoja.

Bertha akashika kiuno. "Kaka, ungekuwa daktari, wageni wakija ungeficha wagonjwa uvunguni?"

"Ningewaogesha kwanza."

Blandina akacheka, akaandika mahali pa kila kisiki, akaifundisha programu upya. Ramani ya pili ikaonyesha wekundu ukingoni mwa shamba la Bertha. Walipokwenda wakakuta miti sita yenye nyufa nyembamba kama uzi. Wakaiondoa siku ileile, na iliyobaki imesimama hadi leo.

Kila Jumapili Jailos humshukuru Mungu kwa binti asiyemwaibisha mzee, na kwa mashine isiyoona haya kujifunza upya. Visiki havifunikwi tena. Mgeni huonyeshwa visiki hivyo kabla hajaketi.

Mwenyezi Mungu amzidishie Jailos siha, amfunike Bertha kwa rehema, na wajukuu wao awape kivuli cha miti wasiyoipanda. Amina.