Senti ya Mbuni Ndani ya Kisu cha Salumu

Kisu kilipowekwa juu ya kitambaa chekundu, Tunu hakukitazama. Alimtazama aliyekiweka.

Ndivyo alivyozoea. Mwaka wa arobaini na moja huu anakaa pale Keko, kando ya barabara ya mafundi makochi, na meza ya kunoa na kurekebisha visu vya kukunja aliyoachiwa na baba yake, Mzee Mwinjuma. Zamani wanawake wenzake walimcheka, eti mwanamke gani anashinda na visu kama muuza nyama. Wengi wao wameshazikwa, na visu vyao vya jikoni alivinoa yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Alikuwa mwanamume wa makamo, lafudhi ya Mbeya, shati safi mno kwa mtu mwenye shughuli Keko. Alisema anaitwa Gibson. Alitaka skrubu ya katikati ya kisu ilegezwe.

"Ilegezwe kiasi gani?"

"Kiasi cha kutikisa mkono tu, mama. Kifunguke chenyewe."

Tunu akasema moyoni, haya, limeshafika.

Wiki mbili nyuma kulikuwa na mkutano wa mtaa. Mtu alikuwa amechomwa kisu cha kukunja karibu na stendi, na afisa mmoja akaja kuzungumza na wananchi. Akasema fundi mwenye kisu kazini kwake hana wa kumsumbua, ila anayetembea nacho barabarani bila sababu ya maana ataulizwa. Na kikikamatwa kisu kilicholegezwa ili kifyatuke kwa kutikiswa, basi hata fundi aliyekilegeza ataulizwa. Watu wote wakageuka kumtazama Tunu, kana kwamba Temeke nzima ina meza moja tu ya visu. Mwenyekiti wa mtaa naye akaongezea lake: kikionekana kisu kimoja tu cha namna hiyo kimetoka kwa Bi Tunu, meza inaondoka siku hiyo hiyo.

Tunu aliumia. Katika miaka yote hiyo hakuna kisu kilichopita mikononi mwake kikaenda kuonyeshwa mahakamani, na hilo alikuwa akijisifia harusini na msibani. Kisu alichokirekebisha yeye hakitikisiki, ubavu wake haukwaruzi mpini, lakini kukifungua kunataka mikono miwili, mmoja ushike mpini na ukucha wa mwingine uvute. Akimaliza hukijaribu. Hukishika kwa mkono mmoja, hukitikisa kwa nguvu zake zote, na kikifunguka hata upana wa punje ya mchele, huanza kazi upya. Juma lililopita tu Salumu, fundi makochi wa pale jirani, alimuuliza kama kwa utani, "Bi Tunu, changu huwezi kukilegeza kidogo?" Alimkemea mbele za watu, mpaka Apolonia muuza chai akamwaga chai kwa kicheko.

Sasa amekuja huyu, na neno lile lile.

Lakini kilichomtia Tunu wasiwasi zaidi hakikuwa neno. Kilikuwa ni namna kisu kilivyowekwa. Kwao, watu wa Pwani, kisu hakipokewi mkono kwa mkono, huleta ugomvi. Chapaswa kiwekwe chini kimekunjwa, ndipo mwingine akiokote. Wageni hawajui, humnyooshea tu, na kila mara yeye huwaambia, "Weka kwenye kitambaa, baba." Huyu wa Mbeya hakuambiwa. Alikiweka kimekunjwa, mpini ukimwelekea Tunu, upande wa kushoto hasa anaoupenda yeye. Kuna mtu kamfunza. Nani? Na kwa nini?

"Nani kakuelekeza hapa?"

"Hakuna, mama. Nimeona kibao."

Tunu hajawahi kuwa na kibao.

"Haya. Rudi saa tisa."

"Siwezi kusubiri hapa hapa?"

"Kama una haraka, kipeleke kwingine."

Gibson akaondoka. Aligeuka nyuma mara mbili. Tunu alizihesabu.

Ni mtego, akawaza. Wamemtuma. Nikikilegeza tu, saa tisa watakuja watatu badala ya mmoja, na meza ya Mzee Mwinjuma itapanda kwenye gari.

Akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya katikati ili aone kisu chenyewe ni cha namna gani. Ubao wa kwanza wa mpini ukatoka, ukafuata wa pili. Washa mbili, vile visahani vyembamba vinavyokaa kati ya makali na mpini, zilikuwa pale zinapopaswa kuwa, moja ya plastiki, na nyingine ya shaba, nyembamba kama gamba la samaki. Akaipeleka kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa umesagwa ukawa laini. Upande wa pili ulikuwa na mguu wa mbuni.

Tunu akakaa vizuri.

Senti ishirini za zamani, zile zenye picha ya ndege mbuni, alikuwa nazo nne alizozikuta kwenye kopo la baba yake. Alizikata akatengeneza washa, moja moja, miaka tofauti. Ya kwanza ilikwenda kwenye kisu cha mzee mmoja wa Kawe, marehemu. Ya pili na ya tatu zilikwenda kwa ndugu wawili waliokuwa wakichonga vitanda, wakahama. Ya nne, yenye mguu, aliitia kwenye kisu cha Salumu, mwaka juzi, baada ya Mfungo.

"Bi Tunu, mbona umenyamaza kama umemeza jiwe?" aliuliza Apolonia toka kwenye jiko lake.

"Yule mwanamume aliyetoka hapa, kaelekea wapi?"

"Kule kwenye magodoro. Kwani umempenda? Nikuitie?"

"Mpumbavu wewe. Niangalizie meza."

Basi kisu kimeibwa, akasema moyoni. Mwizi kakileta kwa fundi yule yule, hajui kama vyuma navyo vina alama. Alifunga kanga vizuri. Makali aliyafungia kwenye droo, akaziunganisha tena mbao za mpini, akaubeba mtupu pamoja na ile washa. Hata kwa hatua sitini tu za barabarani, hakutaka mtu amuulize ana kisu kwa ajili gani.

Salumu alikuwa ameinamia kochi la watu watatu, anakata kitambaa kwa mkasi. Kitambaa alikuwa amekibana kwa kiwiko.

"Salumu, kisu chako kiko wapi?"

"Kipo nyumbani, Bi Tunu. Mbagala."

"Una hakika?"

"Sasa mie nisijue kisu changu?"

Tunu akaweka mpini juu ya mkono wa kochi. "Na huu?"

Salumu aliutupia jicho mara moja, akarudi kwenye kitambaa. "Si wangu."

Hapo shaka ya Tunu ikahama nyumba. Aliyeibiwa angepiga kelele. Ambaye hakuibiwa angeuchukua mpini akaugeuza, walau kwa udadisi. Huyu hakuugusa. Na mwezi uliopita si alitupiana maneno makali na Anwar, mwenye karakana hii, mpaka wakaamuliwa? Kumbe! Ndiyo maana anataka kisu chepesi cha kufyatuka, na ndiyo maana kamtuma mtu asiyejulikana. Siku Anwar akichomwa, watafungua kile kisu, watakuta senti ya mbuni, na Keko nzima itasema, kazi ya Bi Tunu hiyo.

"Unamtakia nini Anwar?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anwar? Kaingiaje Anwar?"

"Usinizungushe, Salumu. Nimekujua tangu unabeba maranda. Huu mpini ni wako, washa yake hii hapa, niliikata mimi. Yule Gibson umemtuma wewe, na ukamfunza mpaka pa kukiweka!"

Salumu akaacha mkasi. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akasema polepole, "Nimtakie mabaya Anwar, nani atanipa kazi?"

Tunu alimwangalia kuanzia kichwani. Kitu hakikuwa sawa, na hakikuwa usoni. Tangu aingie, mkono wa kushoto wa Salumu ulikuwa umekaa tu pale chini ya kiwiko, kama mgeni asiyekaribishwa. Akauokota mpini. Akafanya jambo ambalo Mzee Mwinjuma angemlaani kwalo. Alimnyooshea, mkono kwa mkono.

"Pokea."

Salumu akanyoosha wa kulia.

"Wa kushoto."

"Nikupokelee kwa kushoto, Bi Tunu? Adabu gani hiyo?"

"Leo nimekuruhusu. Pokea."

Mkono wa kushoto ukainuka. Vidole vikafika kwenye mpini lakini havikufumba. Mpini ukaanguka sakafuni, ukadunda mpaka kwenye magodoro, na toka nyuma ya magodoro hayo akachomoza Gibson mwenye shati safi.

"Samahani, mama," alisema Gibson. "Mie huwa naleta magodoro tu. Aliniomba."

"Na kibao umekionea wapi, mwongo mkubwa wewe?"

Gibson akainama akaokota mpini. Salumu alikuwa ameketi juu ya kochi lisilo na kitambaa.

"Ganzi," alisema. "Tangu Ramadhani. Siwezi kushika kipande cha makali nikavuta. Nikifungua kwa meno, Anwar ataniona. Akiniona ataleta mtu mwenye mikono miwili. Nilikuuliza wewe mwenyewe, ukanitukana mbele ya watu."

"Uliniuliza kama mtu anayetania."

"Ungelegeza kama ningelia?"

"Nisingelegeza," alisema Tunu. "Kila siku unakwenda Mbagala na kurudi, kisu mfukoni. Siku ukisimamishwa, kitafyatuka mkononi mwa askari, na hapo utamweleza nini? Kuhusu ganzi?"

Tunu akatazama meza ya kukatia vitambaa, akapima kwa macho kutoka hapo hadi kwenye kochi.

"Kisu cha kukunja ni cha mtu anayetembea," alisema. "Wewe kazini hutembei. Nani kakwambia lazima kikunjwe?"

Ilimchukua siku mbili. Alichukua bapa la msumeno wa chuma, akalisaga, akalitia mpini mnene wa mninga. Mchonga vitanda mmoja wa jirani akatoa ala ya mbao, wakaipigilia misumari kwenye meza ya Salumu, upande wa kulia. Kisu kikawa kinachomolewa kwa mkono mmoja na kurudishwa kwa mkono huo huo. Anwar akiuliza, ni meza imeboreshwa. Kile cha kukunja Tunu alikirudishia washa yake, akaikaza skrubu robo duara zaidi, akakitikisa, hakikufunguka. Akakifungia kwenye droo yake mwenyewe.

Kisha akatoboa tundu nyuma ya mpini mpya, akapitisha mnyororo, akaufunga kwenye mguu wa meza.

"Mnyororo wa nini tena?" Salumu alilalamika. "Mie mbuzi?"

"Usiibiwe," alisema Tunu.

Lakini urefu aliupima yeye. Ulifika kwenye kochi, tena kwenye kona zote nne. Mlangoni haukufika, ulipungua hatua mbili.

"Na hospitali utakwenda Jumatatu."

"Nitakwenda, Bi Tunu."

"Uniletee kadi. Nataka kuona muhuri, sitaki maneno."

Alileta. Tunu aliisoma kadi mbele na nyuma, akausugua muhuri kwa kidole kuona kama utatoka, ndipo akamrudishia. Apolonia akamuuliza kama sasa ameridhika.

"Nimeridhika," alisema Tunu.

Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kutandika kitambaa chake chekundu, hupita karakana ile, humsalimia Salumu, humuulizia mkono, na huku akizungumza vidole vyake hupita kwenye mnyororo, pete moja baada ya nyingine. Ni hamsini na mbili. Siku pete zikiwa hamsini na tatu, atajua kuna aliyeurefusha mnyororo kuelekea mlangoni.