Sukari Imepanda

Wenzake kiwandani, wahamiaji waliotoka kwao, walimwita Mama Bomba, kwa sababu hakai sana kwenye cherehani, huyo, mbio chooni. "Bomba limefunguka tena," walimtania, naye akacheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Kazi yake ilikuwa kushona kola za sare. Siku hizi vidole vya miguu vilikufa ganzi, hakujua amekanyaga pedali au sakafu, na kola zilitoka zimepinda. Msimamizi alishamwonya.

Ugonjwa wake aliujua. Kabla ya kuhamia nchi hii ya watu alikuwa akimeza dawa za kisukari, na zilipokwisha hakupata nyingine. Kliniki alikuwa nayo, ile ya virusi vya Ukimwi, asiyokosa hata mara moja. Huko daktari alimsifu kila mara kwamba virusi vimefifia hata havionekani kwenye kipimo, kana kwamba yeye mzima ni virusi tu na miguu ni ya mtu mwingine.

Lugha ya pale hakuijua. Daktari aliweka simu mezani, na humo akatafsiri mkalimani aliyejifunza Kiswahili darasani. Mama Bomba akasema kama wanavyosema watu wote kwao: sukari imepanda, inamsumbua. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akamwelekeza kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Safari iliyofuata alisema vilevile, akaelekezwa kulekule. Kisha kikaletwa nyumbani kifurushi cha msaada: unga, mafuta, na mfuko mkubwa wa sukari.

Aliyekipokea ni binti wa kaka yake, waliyeishi naye chumba kimoja. Lugha ya pale binti aliimeza tangu shuleni. Mara nyingi aliomba kumsindikiza shangazi yake, akajibiwa kwamba ni maumivu ya mgongo tu, hayataki msafara. Habari ya virusi hakuambiwa. Ikimfikia baba yake, kaka mtu, undugu ungeishia hapo.

"Shangazi, kwani uliwaambia nini?"

"Kwamba sukari imepanda."

Binti akaangua kicheko, kisha kikamkauka. "Wamedhani unalia na bei ya dukani."

Hebu fikiria. Watu waliosomea mwili wa binadamu, na hakuna aliyeitazama ile midomo iliyokauka akajiuliza bei ya sukari inatafuta nini kliniki!

Mama Bomba alikaa kitandani. Akimchukua binti, siri imetoka. Asipomchukua, miguu inakwenda, na kazi nayo.

"Kesho twende wote," akasema hatimaye. "Ila huko hawatibu mgongo. Nina virusi, mwanangu."

Kesho yake daktari alinyoosha mkono kwenye simu. Kanuni, alieleza, haziruhusu ndugu kutafsiri, ili kulinda siri ya mgonjwa. Binti alimweleza shangazi yake hayo kwa hasira. Mama Bomba akaweka kiganja juu ya simu.

"Mwambie siri nimeitoa mwenyewe. Nina kisukari, na sitoki humu mpaka anitoboe kidole."

Binti akatafsiri neno kwa neno. Daktari akafungua droo moja, akafungua nyingine, akaenda kuazima kipimo jengo la pili. Walibaki wawili chumbani.

"Baba hatasikia kwangu," binti akasema chinichini.

 Mama Bomba alikuwa anavua kiatu, daktari aje aione na miguu.